Shangazi aliniuliza kama nilipima

Mfuko ule niliuokota mwenyewe kwenye mchanga wa Kabwe, mwaka 2022, nikiwa likizo kwa shangazi yangu. Ulikuwa mfuko wa plastiki wa chandarua, umepauka kwa jua, lakini onyo lake lilisomeka bado: usikifue mtoni wala ziwani, ni hatari kwa samaki. Hatua kama ishirini kutoka niliposimama, watoto wanne walikuwa majini hadi kifuani wakivuta chandarua cha bluu kama kokoro. Walipofika nchi kavu wakamwaga walichopata kwenye beseni. Vidagaa vyembamba kama uzi, na visamaki vya kwenye mawe ambavyo hata majina yake sivijui.

Mwandishi wa habari akikutana na kitu kama hicho hatulii tena. Onyo mkononi, neti majini, samaki kwenye beseni. Nilihisi habari imejiandika yenyewe. Usiku ule ule, kwa mwanga wa simu, niliandika kwamba sumu ya vyandarua inaingia kwa samaki wa Tanganyika, na samaki hao wanaingia sokoni. Kichwa cha habari alikiweka mhariri, na kilikuwa kikali kuliko nilichopendekeza. Lakini neno "sumu" lilikuwa langu. Siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Kwa asiyeijua Kabwe: unatoka Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unapita Namanyere, halafu unaanza kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ziwani, kwenye mita kama 770. Huko juu ni baridi, mahindi, ulezi na maharage. Huku chini ni joto, mihogo na samaki. Ng'ambo ni Kongo, na pale bandarini utasikia Kiswahili cha pande zote mbili. Shangazi amekaa hapo miaka mingi akifanya biashara ya dagaa. Ananunua alfajiri kwa wavuvi wa taa, anaanika, anafunga kwenye magunia, anapandisha Sumbawanga. Chandarua cha kuvulia hajawahi kukishika.

Siku nne baada ya habari yangu kutoka, shangazi alipanda na magunia manne. Mnunuzi wake wa siku zote akamwonyesha simu. Habari ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, imekatwakatwa, jina langu halipo, limebaki neno lile tu na picha ya beseni. "Mama, hawa si ndio dagaa wa neti?" Shangazi akaapa. Mnunuzi akasema yeye anamwamini, ila wateja wake je? Gunia mbili ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mbili zilirudi Kabwe juu ya lori, zikapata mvua njiani, zikaota ukungu.

Alinipigia jioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Ile habari ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi."

"Ulipima?"

"Onyo limeandikwa kwenye mfuko, shangazi. Linasema ni hatari kwa..."

"Sikukuuliza mfuko, baba. Nimekuuliza, ulipima?"

Sikuwa na jibu. Chuoni nilisomea uandishi, na kemia niliiacha kidato cha pili kwa furaha kubwa. Lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa migebuka. Basi nikaanza kusoma, na nilipokwama nikamtafuta rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, yeye akiwa upande wa kemia.

Aliniuliza kwanza kama najua kilichopakwa kwenye chandarua ni nini. Nikasema dawa. Akacheka. Akasema ni esta.

Esta, alieleza, ni tindikali na alkoholi zilizoungana zikaacha maji pembeni. Kiungo hicho kipo kila mahali. Harufu ya ndizi mbivu ni esta. Vilainishi vingi vya plastiki ni esta. Mafuta ya mawese unayokaangia dagaa nayo ni esta, na akina mama wa Kigoma wanaochemsha mawese na kostiki soda kupata sabuni wanavunja esta kila wiki bila kuhitaji cheti. "Kwa hiyo ukisikia kitu ni esta," akasema, "hujaambiwa kama kinaua au kinalika. Umeambiwa ukoo tu. Tabia ya mtoto lazima uipime mmoja mmoja."

Esta za kwenye chandarua zina ukoo wa kwetu. Maua ya pareto, yale yanayolimwa Mbeya na Iringa na kusindikwa Mafinga, hubeba esta za asili zinazoangusha wadudu. Tatizo lake ni kwamba jua huziharibu haraka. Kule Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitafuta namna ya kutengeneza za kiwandani zisizoogopa jua, na wakapata permethrini mwaka 1973, kisha deltamethrini mwaka 1974. Hizo ndizo zilizopewa kazi ya kulinda watoto wetu dhidi ya malaria. Kiwanda kimoja cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya permethrini mwaka 2003. Zinafanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu: mlango mdogo wa sodiamu unaopaswa kufunguka na kufungwa unabaki wazi, mdudu anatetemeka, anaanguka.

Mwili wa binadamu una vimeng'enya vinavyoikata esta ile haraka kabla haijaleta balaa. Samaki ana uwezo mdogo sana wa kuikata. Isitoshe, anapumua kwa mashavu, na maji yote yanayopita hapo yanapita karibu na damu yake. Ndiyo maana kitu kile kile kinamlinda mtoto kitandani na kinamuua samaki mtoni.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la kwanza, na lilikuwa la mtu wa lugha, si la mtu wa kemia. Mfuko ulisema ni hatari kwa samaki. Mimi niliandika kana kwamba umesema ni hatari kwa mla samaki. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Neno "sumu" kwa Kiswahili linakubali yote mawili bila kulalamika, nami nikalitumia bila kuuliza: sumu kwa nani?

Swali la pili ni: kiasi gani? Hapa rafiki yangu alinieleza jinsi maabara duniani zinavyopima. Kuna mwongozo wa OECD, namba 203, wa kupima sumu kwa samaki. Unachukua matangi, unaweka viwango vya kemikali vinavyopanda, visipungue vitano, na tangi moja lisilo na kitu. Kila tangi lina samaki saba au zaidi. Unasubiri saa 96. Unahesabu waliokufa. Kisha unatafuta kiwango ambacho kingeua nusu yao. Kuna kipimo kingine cha dafnia, mdudu mdogo wa majini kama kiroboto, cha saa 48, na kingine cha mwani, cha saa 72. Kemikali inayoua nusu ya samaki kwa miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo inawekwa kwenye kundi kali kuliko yote.

Deltamethrini haiko karibu na mpaka huo, iko chini yake mno. Kwa samaki aina ya trauti, kiwango kinachoua nusu kiko chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Mikrogramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwenye lita milioni moja. Nilipoisoma namba hiyo nilipumua, nikasema kumbe nilikuwa sahihi.

"Endelea kupiga hesabu," rafiki yangu akasema.

Tukapiga. Chandarua kimoja cha aina iliyotumika sana kina miligramu 55 za deltamethrini kwa kila mita ya mraba. Tuseme kina mita za mraba 15. Hiyo ni miligramu 825, haifiki gramu moja. Ikitoka yote, kila chembe, ingetosha kufikisha mikrogramu 1 kwa lita katika lita 825,000, yaani malori 25 ya tanki la lita 33,000. Hiyo si kidogo. Kwenye beseni, kwenye dimbwi, kwenye kijito kinachokaribia kukauka, chandarua kipya ni mauaji. Onyo la kwenye mfuko halidanganyi.

Lakini haitoki yote. Vyandarua hivi vimetengenezwa viishike dawa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba viendelee kuua mbu hata baada ya kufuliwa mara 20. Kile cha watoto wa Kabwe kilikuwa kikuukuu, kimetoboka, kimeshamaliza miaka yake ya kitandani. Kinachotoka hakibaki kikielea pia, kwa sababu esta hizi hazipendi maji. Zinang'ang'ania matope na mabaki ya majani. Na maji ya Tanganyika yana chumvichumvi ya magadi, pH yake juu inakaribia 9, hali ambayo huivunja deltamethrini ndani ya siku chache, kwa kanuni ile ile ya sabuni ya mawese. Halafu kuna ziwa lenyewe: urefu wa kilomita 673, kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi.

Kwa hiyo chandarua si kitu? Hapana, sikusema hivyo, na ningekuwa narudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Ziwa kubwa halichanganyiki kwa dakika moja. Samaki wanaotajwa kwenye mwongozo ule wa maabara hakuna hata mmoja wa Tanganyika, na ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani. Dafnia wa maabara hayumo kwenye maji ya katikati ya ziwa letu. Dagaa wetu hula kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba. Na jamii hiyo kwa kawaida huumia kwa viwango vya chini kuliko samaki wenyewe. Saa 96 zinahesabu waliokufa tu. Hazihesabu samaki aliyebaki hai lakini hawezi kumkimbia adui, wala dagaa aliyekosa chakula kwa sababu chakula chake kilikufa kabla yake.

Ninachosema ni kwamba kila sentensi hapo juu ilikuwa na kiasi, muda na mhusika. Habari yangu haikuwa na hata kimoja.

Babu yangu, baba yake shangazi, angenielewa haraka. Yeye alikulia huko juu Ufipani, na enzi zake vijana walivua kwenye vijito kwa utupa. Walitwanga majani, wakayatia kwenye maji yaliyotuama, samaki wakaelea. Alitusimulia kwamba mkubwa wao alitazama dimbwi kwanza, akakadiria upana na kina, ndipo akasema matita mangapi yatwangwe. Ukipunguza, samaki walilewa tu, baada ya muda wakazinduka wakaondoka. Ukizidisha, uliwaua hadi wa majirani walioko chini ya kijito, na hapo palikuwa na kesi. Leo kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ni sawa iwe hivyo. Lakini wazee wale walipima. Mimi mwenye shahada sikupima.

Na neno lenyewe nilipaswa kuliogopa, kwa sababu mfano ulikuwepo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa viuatilifu. Safari ile kulikuwa na sababu ya kweli, na bado waliolipia walikuwa wengi kuliko waliotia sumu. Wavuvi wa nyavu halali, wachuuzi, wafanyakazi wa viwandani, wote waliingia kwenye neno moja. Gunia mbili za shangazi ni kitu kidogo mbele ya hayo. Kwake hazikuwa kidogo.

Niliandika marekebisho. Yalitoka mistari minne, chini kabisa ya ukurasa, na hakuna kundi lolote la WhatsApp lililoyasambaza. Nilimtumia shangazi fedha kiasi. Akazipokea, akashukuru, hakusema zaidi.

Nilirudi Kabwe Julai 2024. Mwaka ule Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na mwalo ulikuwa kimya hata unasikia kuku. Mitumbwi imepinduliwa, taa zimening'inizwa ndani ya nyumba. Njiani nilikuwa nimesimama kwenye duka la pembejeo huko juu, nikanunua maji ya kunywa. Kwenye rafu, karibu na mbegu za nyanya, kulikuwa na chupa za dawa ya wadudu za mililita 100. Nikaomba kuona moja. Esta ya ukoo ule ule, gramu 50 kwa lita. Pembeni kulikuwa na ule mchoro wa samaki amelala chali chini ya mti usio na majani. Nikapiga hesabu hapo hapo kwenye kaunta: mililita 100 zina gramu 5. Ni sawa na vyandarua vipya sita, na hii haijashikizwa kwenye uzi wowote, imetengenezwa makusudi ichanganyike na maji. Nikamuuliza kijana wa dukani watu wanasafishia wapi pampu zao za kupulizia. Akaniangalia kama nimeuliza jua linachwea wapi. "Si mtoni, kaka."

Maji ya Ufipa hayakai juu. Yanateremka, mengine Rukwa, mengine Tanganyika. Miaka miwili mapema nilikuwa nimesimama ufukweni nikiwanyooshea kidole watoto wanne, na nyuma yangu kulikuwa na uwanda mzima ambao sikuufikiria.

Nilimweleza shangazi yote hayo tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Alisikiliza huku akimenya mihogo. Nilimwambia pia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka vijiji saba vya ziwa hili, ambapo zaidi ya kaya nane katika kila kumi zilikubali kwamba zimetumia chandarua kuvulia. Na kwamba jambo linaloonekana wazi kabisa hapo ni matundu. Neti ile haichagui. Inabeba mayai, inabeba watoto wa samaki, inabeba kesho.

"Hilo hata wao wanalijua," shangazi akasema. "Wale watoto uliowapiga picha, mama yao hana mtumbwi. Hana taa. Nyavu ya halali bei yake unaijua? Neti wamepewa bure. Ungeandika hilo kwanza, halafu matundu, halafu hiyo sumu yako ungeiweka mwisho, na vipimo vyake."

Nimehariri kazi zangu na watu wengi. Sijawahi kupewa mpangilio mzuri kuliko huo.

Tulipoinuka nikaona uani, kwenye chanja, makopa yake yameanikwa, na juu yake kumetandazwa chandarua cheupe ili kuku wasidonoe. Nikasimama.

"Shangazi, hii neti itoe."

Akanitazama. Nilijua kinachokuja.

"Umepima?"

"Sijapima. Lakini naona na wewe hujapima, na walioitengeneza waliipima kwa ajili ya kitanda, si kwa ajili ya chakula. Sitaandika popote kwamba makopa yako yana sumu. Ila itoe."

Alifikiria kidogo, kisha akaita mjukuu. Wakaikunja wawili, kila mmoja kashika upande wake. Akaingia ndani, akatoka na kanga mbili za zamani, akatandaza. Kuku mmoja akaja kuchungulia, akafukuzwa.

"Sasa hiyo neti niifanye nini?" akauliza.

"Tafuta kitanda," nikasema. "Ila usiifulie ziwani."

"Hilo limeandikwa kwenye mfuko," akasema shangazi, akarudi kwenye mihogo yake.